Shajara ya mradi: kuzijua seli za panya za kansa ya matiti kabla ya kuziamini (Kampala, 2024)

15 Januari 2024: tunachotaka kufanya

Huu mradi hautengenezi dawa, ni wa kupima seli tu. Kuna wenzetu hapa Kampala wanataka kujaribu mimea ya dawa, mululuza (mmea wa majani machungu) ukiwa wa kwanza manake kila bibi kijijini anaujua, wanataka kuona kama unazuia seli za kansa ya matiti kwenye sahani halafu baadaye kwa panya wazima. Ni kazi nzuri na tunaiunga mkono kabisa. Ila kuna swali watu wanaliruka, hizo seli zenyewe ni zipi? Chupa imeandikwa jina kwa kalamu na watu wanaiamini ile kalamu, wanatumia hela na panya na miezi, kumbe ndani kuna kitu kingine.

Na hili siyo la kufikirika. Dunia nzima ilitumia seli za MDA-MB-435 miaka mingi kama kansa ya matiti ya binadamu, baadaye vipimo vya jeni vikaonyesha zinatoka kwa mgonjwa wa kansa ya ngozi, melanoma. Kazi ngapi zilijengwa juu yake. Sisi hapa ambapo kansa ya matiti ni ya pili kwa wanawake baada ya ile ya mlango wa kizazi, na wengi wanafika hospitali ya Mulago ikiwa hatua ya tatu au ya nne, hatuna pesa wala muda wa kurudia kosa hilo.

Laini tatu (yaani koo za seli zinazokuzwa maabara) tumezichagua. 4T1 na 67NR ni ndugu, zimetoka kwenye uvimbe mmoja wa panya jike wa aina ya BALB/cfC3H, yaani BALB/c aliyenyonyeshwa na mama wa C3H, na maziwa ya C3H yana virusi vya MMTV vinavyoleta uvimbe wa matiti (habari ya kitu fulani kwenye maziwa Bittner aliitoa tangu 1936). Kundi la Fred Miller kule Michigan ndilo lilizitenganisha. 4T1 ukiipandikiza kwenye titi la panya inasambaa yenyewe mpaka mapafu, ini, mifupa na ubongo. 67NR inaota uvimbe pale pale na haiendi kokote. Kwa hiyo mbili hizi zikiwekwa pamoja unaweza kuuliza nini hasa kinaifanya kansa isafiri, na hicho ndicho kinachoua akina mama wetu. Ya tatu ni E0771, hiyo ni ya panya weusi C57BL/6.

4T1 inahesabiwa ni mfano wa kansa ya matiti isiyo na vipokezi vitatu (vya estrojeni, projesteroni na HER2), ile ngumu ambayo dawa za homoni haziigusi, ndiyo maana tunaitaka zaidi. E0771 ina mjadala, maabara tofauti zimeripoti vitu tofauti kuhusu kipokezi cha estrojeni, na kwangu hiyo ni sababu tosha ya mtu kuipima ya kwake mwenyewe badala ya kunakili ya mwingine.

6 Februari 2024: seli zimefika

Vibali na karatasi za kuhamisha sampuli vilichukua muda mrefu kuliko maabara yenyewe, anza navyo mapema, hata kabla hujanunua midia (maji yenye chakula cha seli).

Seli tumepewa na maabara rafiki Nairobi. Barafu kavu ilikuwa ghali na basi likikwama Busia inageuka gesi na kuisha yote, kwa hiyo tulizisafirisha hai. Unaziacha zishike chini kwenye chupa ndogo ya kukuzia, unajaza midia mpaka shingoni pasibaki hewa (hewa ikibaki inapiga mawimbi barabarani na kuzing'oa), unakaza kifuniko, unazungushia Parafilm (utepe wa plastiki wa kuziba), unaweka kwenye boksi la foamu bila barafu. Zilifika zimeng'oka kiasi lakini nyingi zikashika tena zilipopumzika usiku mmoja. Midia ni RPMI-1640 na seramu ya ndama asilimia 10.

Gharama: basi na boksi shilingi laki moja na nusu. Seramu chupa ya mililita 500 karibu milioni 1.8, hiyo ndiyo inakula bajeti, igawe kwenye mirija midogo uigandishe, usiwe unaiyeyusha na kuigandisha tena na tena.

27 Februari 2024: maikoplazma

Chochote kipya kinakaa karantini, inkubeta yake, koti lake, pipeti zake. Watu wanaona ni usumbufu. Maikoplazma ni bakteria wasio na ukuta, penisilini haiwafanyi kitu, ni wadogo hivi kwamba midia haichafuki wala hubaini kwa macho, na makadirio yanayotajwa mara nyingi ni kwamba asilimia 15 mpaka 35 ya laini za seli duniani zinao. Wanakula chakula cha seli, wanabadilisha jeni gani zinafanya kazi, kila namba utakayopima inakuwa ya wawili.

Tulipima kwa njia mbili, PCR (kunakili kipande cha DNA mpaka kionekane) ya jeni ya bakteria ya 16S, na rangi ya DAPI inayofanya DNA ing'ae. 4T1 safi. 67NR safi. E0771 PCR ikatoa mstari, yaani maikoplazma wamo, na chini ya hadubini unaona viini vya seli vinang'aa buluu kama inavyotakiwa halafu pembeni, kwenye sehemu ambayo inatakiwa iwe giza tupu, kuna vumbi la vidoa vidoa vinavyong'aa vimezunguka kila seli. Ukishaviona mara moja hutavisahau.

Kuna dawa za kuwatoa, siprofloksasini ni mojawapo, lakini inachukua wiki kadhaa na zile seli zitakazopona zimepitia chujio, siyo zilezile tena. Tuliona ni heri kuzimwagia jiki zote na kuomba nyingine. Iliuma manake kibali kinaanza upya. Za pili zilikuja safi.

19 Machi 2024: umeme na gesi

Umeme ulikatika usiku na jenereta haikuwaka. Inkubeta ikikosa umeme valvu ya gesi inafunga, CO2 iliyo ndani inapotea taratibu, midia inapoteza asidi. Asubuhi dada wa maabara alifungua akaniita:

"Mwalimu, midia imegeuka zambarau chupa zote."

"Seli je?"

"Zimeshika, lakini zimekonda."

4T1 ilirudi haraka, hiyo ni ngumu. 67NR ilisuasua. Sasa tatizo siyo tu kwamba umepoteza usiku, tatizo ni kwamba kila shida kama hiyo inachagua, zinazostahimili zinabaki na zilizo dhaifu zinakufa, ukirudia mara kadhaa una laini nyingine yenye jina lilelile. Ndiyo maana kwenye daftari letu mbali na pasaji (yaani seli zimehamishwa mara ngapi) kuna safu ya matukio, umeme kukatika, gesi kuisha, seramu ya chupa nyingine.

Tulichobadilisha: betri mbili na inverta kwa ajili ya inkubeta peke yake, friza wala feni hairuhusiwi kuchomekwa hapo. Midia yenye HEPES milimola 25 ambayo inashikilia asidi hata gesi ikipungua. Vifuniko vinakazwa jioni. Na maji ya kutosha kwenye trei ya chini, yanatunza joto muda mrefu sana mlango usipofunguliwa, kwa hiyo umeme ukikatika mtu asifungue "kuangalia tu".

Gharama: inverta na betri karibu milioni 3.6. Ndicho kitu ghali kuliko vyote kwenye mradi na ningekinunua kwanza kabla ya seli.

23 Aprili 2024: kromosomu

Panya wa kawaida ana kromosomu 40, na zote sentromia (pale kromosomu inapobanwa) iko mwishoni, kwa hiyo ukiona kromosomu yenye mikono miwili inayolingana ujue mbili zimeungana. Hii ni nzuri manake hata bila vifaa vya gharama unaona seli ya kansa imevurugika kiasi gani, na pia seli ya binadamu ikiwa imeingia kwenye chupa inajitaja yenyewe, zake nyingi zina mikono miwili.

Utaratibu ni ule wa siku zote, kolsemidi kusimamisha seli katikati ya kugawanyika, maji ya KCl mola 0.075 kuzivimbisha, methanoli na asidi ya asetiki tatu kwa moja, unadondosha kwenye slaidi, unapaka rangi ya Giemsa. Kilichotutesa ni kudondosha. Kromosomu zilikuwa zimebanana kundi moja huwezi kuhesabu, slaidi baada ya slaidi. Tukaongeza muda kwenye KCl, seli zikapasuka zikatawanya kromosomu kila mahali, hujui ipi ni ya nani, tukarudisha. Mwishowe jibu lilikuwa hewa. Tulikuwa tunadondosha mchana chini ya feni, tone linakauka kabla halijatanuka. Siku mvua iliponyesha slaidi zikatoka nzuri bila kubadilisha kitu kingine chochote, hapo ndipo tukaelewa. Sasa tunazima feni, tunatoa slaidi kwenye friji ikiwa na unyevu, tunaipitisha juu ya sufuria ya maji yanayotoa mvuke, tone moja, inalala juu ya kitambaa chenye maji mpaka ikauke polepole. Hii hatua ni bure kabisa na imeokoa kazi nzima.

Matokeo: laini zote tatu hazina 40 kamili na 4T1 ndiyo imevurugika zaidi, idadi inatofautiana seli kwa seli, kuna zilizoungana. Kromosomu zenye umbo la kibinadamu hatukuona. Usitegemee hatua hii ikuambie ni laini gani, inakuambia ni ya panya na imechafuka kiasi gani.

4 Juni 2024: rangi ya manyoya na STR

Hapa kuna kaujanja ambako nakapenda sana. BALB/c ni weupe kwa sababu jeni ya Tyr, ile ya kutengeneza rangi, ina herufi moja iliyobadilika, kwenye nafasi ya 103 sisteini imekuwa serini. C57BL/6 ni mweusi, Tyr yake nzima. Seli ya titi haitengenezi rangi yoyote lakini jeni anayo, mabadiliko yapo pale pale. Kwa hiyo PCR moja ya kipande hicho, unatuma kusomwa herufi, unajua chupa inatoka kwa panya mweupe au mweusi. Yetu: 4T1 na 67NR nyeupe, E0771 nyeusi. Na kwenye grafu ya E0771 hakuna kilele cha pili chini ya kile kikubwa, maana yake hakuna mchanganyiko mkubwa wa weupe ndani yake.

Gharama: kusoma sampuli moja ni kama dola 8 na usafiri juu.

Pia tulituma DNA nje kwa kipimo cha STR (vipande vifupi vya DNA vinavyojirudia) cha panya, kile kinachofuata alama zilizoanzishwa na NIST, taasisi ya vipimo ya Marekani. Majibu: panya, aina inayotarajiwa, hakuna binadamu. Ghali, zaidi ya dola 200 kwa sampuli. Na lazima mtu ajue mipaka yake. Kwa binadamu STR ina nguvu kwa sababu kila mtu ana alama zake, lakini panya wa maabara wamezalishwa ndugu kwa ndugu vizazi vingi hadi BALB/c wote wanakaribia kuwa mmoja. 4T1, EMT6 ya matiti, CT26 ya utumbo, zote ni BALB/c. CT26 angalau ina badiliko la jeni la Kras G12D la kuishikia. 4T1 na 67NR zimetoka uvimbe mmoja wa mnyama mmoja, ni kama mapacha waliovaa sare moja, na alama zetu hazikuzitenganisha kwa uhakika wa kuandika kwenye ripoti.

Kwa hiyo baada ya pesa zote hizo swali la muhimu kuliko yote, je ile inayosafiri na ile isiyosafiri ziko kwenye chupa zake, lilikuwa bado liko wazi.

9 Julai 2024: thiogwanini

Miller na wenzake walizipa hizi laini alama za dawa makusudi ili waweze kuzifuatilia ndani ya mwili. 4T1 inavumilia 6-thiogwanini, dawa inayoua seli za kawaida. 67NR haivumilii hiyo, yenyewe inavumilia G418, antibiotiki inayoua seli za wanyama. Watu wanaitumia hii kwa 4T1 kila siku, wanasaga pafu la panya, wanalikuza kwenye thiogwanini mikromola 60, seli za panya za kawaida zinakufa, za 4T1 zinaota makundi, wanahesabu. Sisi tuliona alama hiyohiyo inaweza kuwa kitambulisho cha chupa, na kichupa cha thiogwanini ni kama laki tatu na nusu, kinatosha muda mrefu sana.

Kwanza ilikataa kuyeyuka. Ukiiweka kwenye maji au midia moja kwa moja unaona sindano sindano za fuwele chini ya hadubini, maana yake kiasi ulichoandika siyo kiasi kilichopo. Yeyusha kwenye DMSO (kiyeyushi), pasha midia joto, dondosha polepole huku unazungusha, na weka sahani ya kulinganisha yenye DMSO tupu.

Halafu ikaja hii ambayo naomba mtu anayenakili aisome mara mbili. Sahani za mwanzo za 67NR tulipanda seli zikiwa nyingi, zimejaa. Zote zikafa. Safi kabisa, hakuna kundi hata moja, tukakaribia kuandika 67NR imethibitishwa. Ila kuna jambo linalojulikana kwenye vipimo vya aina hii: seli isiyovumilia inaibadilisha thiogwanini kuwa sumu kwa kimeng'enya cha HPRT, na kama imegusana na jirani anayevumilia inampitishia ile sumu kwenye vijitundu vinavyounganisha seli na seli, jirani naye anakufa ingawa peke yake angepona. Kwa hiyo sahani iliyojaa inaweza kudanganya, inaficha wachache wanaovumilia.

Tukapanda upya, safari hii seli chache zilizotawanyika zisigusane. Na makundi yakaota kwenye chupa iliyoandikwa 67NR. Mengi mno kusema ni mabadiliko ya bahati, manake seli kupoteza HPRT yenyewe ni tukio adimu sana.

Tukanyonya makundi kadhaa kwa pipeti, tukayakuza kila moja peke yake, tukayapa G418. Yangekuwa ni 67NR iliyobadilika yangepona, alama ya G418 ingekuwa bado ipo. Yalikufa yote. Kwa hiyo ndani ya chupa ya 67NR kulikuwa na seli nyingine zenye tabia ya 4T1, wachache, wamejificha kati ya ndugu zao. Hatujui ziliingia wapi, na kumtafuta mtu wa kulaumu hakutusaidii kitu.

Fikiria ingeenda kwa panya hivyo. Uvimbe unaota, baada ya wiki kadhaa pafu lina madoa, mtu anaandika kwamba 67NR inasafiri ikipewa mululuza au ikinyimwa, na anaamini kwa moyo mweupe.

20 Agosti 2024: kuisafisha 67NR

Kama wanaoingia hawavumilii G418 na mwenye nyumba anavumilia, basi G418 ndiyo ya kuwatoa. Lakini pima kwanza 4T1 peke yake inakufa kwa kiasi gani, usichukue namba ya mtu. Jaribio la kwanza 4T1 ilikuwa inapona kwenye kiasi ambacho haikutakiwa kupona. Sababu iko kwenye lebo kwa maandishi madogo: unga wa G418 siyo dawa yote, sehemu tu ndiyo inafanya kazi na inatofautiana kichupa kwa kichupa. Ukipima kwa uzito wa unga umeweka pungufu. Piga hesabu kwa ile sehemu inayofanya kazi. Pia seli ziwe zinagawanyika, sahani iliyojaa inavumilia zaidi manake G418 inaua seli pale zinapotaka kukua.

Kwetu mikrogramu 600 kwa mililita, kwa hesabu ya sehemu inayofanya kazi, iliua 4T1 yote na 67NR ikaendelea vizuri. Tuliiacha 67NR humo mpaka 4T1 ya kulinganisha ikaisha kabisa halafu tukaongeza muda juu, tukaitoa, tukaipumzisha bila dawa, tukarudia thiogwanini kwa seli chache zilizotawanyika. Hakuna kundi. Tukarudia na pasaji iliyofuata, hakuna.

4T1 nayo tuliipima kinyume, kwenye G418 ikafa yote, kwenye thiogwanini ikaota vizuri. E0771 inakufa kwenye zote mbili, sawa na tulivyotarajia.

Gharama: G418 karibu laki sita, sahani na midia nyingine kama laki nne. Linganisha na STR ambayo haikuliona tatizo.

1 Oktoba 2024: Trp53 na kugandisha

Hatua ya mwisho ya jeni kwa sasa. 4T1 inajulikana jeni yake ya Trp53 imeharibika na protini ya p53, ile inayozuia seli mbovu kugawanyika, haipo, kwa hiyo tulisoma jeni hiyo kwenye laini zote kwa PCR na kutuma. Kipande kimoja kiligoma mara kwa mara, mstari hafifu, kilikuwa na herufi za G na C nyingi, DMSO asilimia 5 kwenye mchanganyiko wa PCR ikamaliza shida. 4T1 yetu inayo ile kasoro. Hii ina maana kwa wenzetu wa mimea: dawa inayoua kwa kupitia p53 inaweza kushindwa kwenye 4T1 na isiwe mbaya, kwa hiyo wasiitupe kabla hawajaijaribu kwenye laini nyingine.

Tumegandisha benki mbili, mama na ya kazi, kwenye seramu yenye DMSO asilimia 10. Naitrojeni tunaifuata Entebbe, ni ileile wanayochukua wafugaji kwa ajili ya mbegu za ng'ombe, nenda na tangi lako na mapema asubuhi kabla ya foleni. Kila kichupa kina laini, pasaji, tarehe, na matokeo ya thiogwanini na G418 kwa alama ya jumlisha au toa, kwa lebo iliyochapwa, siyo kalamu. Anayechukua anasaini, na akifikisha pasaji kumi tangu kuyeyusha anatupa na kuchukua mpya.

Kichupa kimoja cha kila laini kimeyeyushwa kwa majaribio, zimeshika vizuri, maikoplazma hakuna, dawa zinajibu vilevile. Wenzetu wa mululuza wamepewa 4T1 na 67NR wiki hii pamoja na nakala ya ukurasa wa thiogwanini. Kinachofuata ni panya, na maombi ya kamati ya maadili yameshapelekwa. Nitaongeza hapa wakijibu.